Mwimbaji Hajulikani

Machi 9

Daktari Ubeid amenirudishia sura ya pili ikiwa na maoni mia mbili na kumi na manne pembeni. Nimeyahesabu. Kumi na matatu yanahusu nyimbo. Mengine yote yanahusu nukta, mikato, herufi za mlazo na upana wa pambizo. Kwenye orodha ya marejeleo ameandika: "Mwanafunzi asiyejua mwaka wa kitabu unakaa wapi hawezi kuaminiwa kutuambia wimbo una maana gani." Nimeumia, halafu nimekubali. Mimi mwenyewe nawakata watoto wa kidato cha pili alama kwa kusahau aya, na siwaonei huruma.

Tarehe ya mwisho ni Mei 31. Huu ni mwaka wangu wa sita. Nisipowasilisha tasnifu siku hiyo usajili wangu unafutwa, na nitabaki Mwalimu Christabel wa Garsen aliyewahi kusoma chuo kikuu kwa muda.

Machi 11

Mvua ya kwanza. Fupi.

Machi 13

Darmi amenisaidia kupanga namba za kurasa, maana kompyuta ilikuwa inaanza na tatu kila mara. Darmi ni mwalimu wa hesabu shuleni kwetu. Tumepanga nyumba moja nyuma ya soko la mifugo. Aliyasoma maoni ya Daktari akiwa amesimama na kikombe mkononi.

"Hii mtu anataka wimbo ama anataka nukta tu?" akauliza.

Nikamwambia fasihi ina sheria kama hesabu. Bila sheria kila mtu atasema alichosikia kwa jirani.

"Hesabu, ukikosea, jibu inakataa," akasema. "Hii yako nani anakataa?"

Machi 17

Wimbo unaobeba tasnifu yangu nzima ni mmoja. Daktari Ubeid ndiye aliyeuchapisha, miaka ishirini iliyopita, akiwa bado mwanafunzi. Aliuita "Wimbo wa Nuru". Naunakili hapa jinsi ulivyo:

Nuru ya maji imekuja,
Nuru ya panda darini,
Nuru yanipa mkono,
Mimi mamako ni chini.

Chini yake: Kilio cha wanawake, Kipini. Mwimbaji hajulikani.

Maelezo yake yamejaa kurasa kumi na mbili. Nuru ni wahyi. Panda ni parapanda, baragumu la Siku ya Kiyama, linalosikika kutoka darini, yaani mbinguni. Mama aliye chini ni Ardhi inayoiaga roho. Mara ya kwanza kuyasoma, miaka sita iliyopita, nililia. Nilijisemea, huyu ndiye msimamizi ninayemtaka.

Jumamosi nakwenda Kipini kutafuta vilio viwili vitatu, nyimbo za msiba, vya kuweka kwenye kiambatisho.

Machi 23

Nimerudi jioni hii, na nataka kuandika kabla sijaanza kujidanganya.

Kule nilielekezwa kwa Bi Mwanasiti, mjane wa miaka sitini na kitu anayejulikana kwa vilio. Nilimkuta uani anapara samaki. Mpwa wake, Athmani, anayefanya kazi ya boda, ndiye aliyenibeba kutoka Witu na kunijulisha kwake. Nikamweleza kazi yangu, kisha nikafungua kitabu nimsomee wimbo mmoja ajue ninatafuta nyimbo za namna gani.

Sikufika mstari wa pili.

"Hebu rudia hapo, mwanangu."

"Nuru ya maji imekuja."

Aliweka kisu chini. "Si nuru ya. Nuriya."

Nikamwambia, kwa sauti ile ninayoitumia darasani, kwamba ndivyo ilivyochapishwa.

"Nuriya ni mwanangu," akasema. "Wimbo nimeutunga mimi."

Nikawasha simu nirekodi. Akauimba wote, taratibu, magamba ya samaki yakiwa bado mikononi:

Nuriya, maji yamekuya,
Nuriya, panda darini,
Nuriya, nipa mkono,
Mimi mamako ni tini.

Niliyaona makosa moja baada ya jingine, kama mtu anayewashiwa taa chumba kwa chumba. Hakuna nuru. Hakuna baragumu, ni mama anamwambia mtoto apande. Na ule upatanisho ambao Daktari aliusahihisha kuwa "imekuja", akaandika kwenye tanbihi kwamba "mwimbaji amekosea ngeli", haukuwa na kosa. Maji yamekuja. Ni maji yaliyokuja.

Akanisimulia bila kuongeza sauti. Mwaka wa mafuriko makubwa walikuwa shambani Kau. Mumewe alikuwa safarini. Nuriya alikuwa na miaka saba.

"Maji yalikuya asubuhi, hayana kelele. Nikampandisha darini penye magunia ya mpunga. Nikamwambia, kaa yuu hapo, usishuke. Nikatoka kutafuta mtumbwi. Kurudi, maji yamenifika kifuani na mlango umebanwa, haufunguki. Kuna tundu la ukuta karibu na dari. Akanitolea mkono. Mkono wangu mmoja una mtumbwi, wa pili una mkono wake. Nimeushika hata maji yakapita dari. Nimeendelea kuushika."

Akaokota kisu, akapara samaki mmoja.

"Mimi ndiye niliyemwambia apande," akasema. "Wimbo ni huo tu."

Nilimuuliza kama anamkumbuka mtu aliyeurekodi. Alimkumbuka vizuri, kijana mwembamba mwenye redio ya kanda. "Nalimwambia, huyu ni mwanangu, jina lake Nuriya. Akasema, majina hayana haja, bibi, nyimbo hizi ni za jamii. Nikampakulia wali na nguru, akala."

Jambo la kwanza nililolifikiria, na naliandika kwa kuwa hakuna mwingine atakayelisoma, ni kwamba kurasa zangu tisa za uchambuzi wa parapanda zimeharibika.

Machi 24

Kanisani mahubiri yalikuwa marefu. Sikusikia neno.

Aprili 2

Nimeandika tanbihi ya 47. Mistari kumi na mmoja. Jina la mtunzi, jina la mtoto, Kau, tarehe ya mahojiano, ubeti kama alivyouimba. Nimeufuta uchambuzi wa parapanda. Tasnifu imekonda lakini imekuwa kweli. Nimeituma.

Aprili 5

Mvua siku ya tatu mfululizo. Mto umebadilika rangi.

Aprili 9

Daktari amenipigia simu. Hajawahi kunipigia. Sauti yake ilikuwa tulivu, karibu ya upendo.

"Bi Christabel, tanbihi yako ya 47 inasema nimekosea?"

"Hapana, Daktari. Inasema mtunzi amepatikana."

"Maandishi yangu yamechapishwa. Yamepitiwa na wasomi wawili. Yamenukuliwa mara thelathini na moja. Na wewe una nini?"

"Nina Bi Mwanasiti."

"Una porojo za uani. Fomu ya idhini iko wapi? Jina, namba ya kitambulisho, saini, shahidi, nakala mbili. Bila fomu mahojiano hayapo. Sisemi ni dhaifu. Nasema hayapo."

Sikuwa na fomu. Nilikwenda kutafuta vilio vya kiambatisho tu, na nilikuwa na haraka.

Akaniambia niitafute. Alijua hali ya barabara; taarifa ya habari inaisema kila siku.

Aprili 12

Maji yamekata barabara ya Lamu mbele ya Minjila. Magari yamepangana hadi kituoni.

Aprili 13

Vilevile.

Aprili 20

Mto umetoka kingoni. Mashamba ya ndugu zangu yote yako chini, mahindi yalikuwa ya kimo cha goti. Mama amehamia kwa kaka yangu, kwenye mwinuko. Ufunguzi wa shule umesogezwa mbele. Nilipaswa kwenda kumwona mama. Nimeshinda ndani nikigeuza marejeleo yote kutoka mtindo mmoja hadi mwingine, kwa kuwa Daktari amebadilisha mawazo kuhusu mahali pa kuweka mji wa mchapishaji.

Aprili 22

Darmi amempigia Athmani bila kuniuliza. Amemweleza habari ya fomu. Nilikasirika. Akasema, "Jina ya mtoto inakaa kwa simu yako, wewe unasubiri maji ikauke?"

Mei 3

Bi Mwanasiti yuko sebuleni kwangu.

Amekuja mwenyewe. Pikipiki hadi Gamba, mashua ya uokoaji kuvuka maji, akatembea sehemu iliyobaki akiwa amejitwika viatu vyake kichwani. Siku mbili njiani. Athmani alimkataza, akamwambia, "Karatasi inataka mkono wangu, haitaki wako."

Aliketi kwenye kiti cha plastiki, buibui limelowa hadi magotini, akaulizia fomu kabla ya chai. Kitambulisho alikuwa amekifunga ndani ya mifuko mitatu ya nailoni. Herufi za Kiarabu anasoma. Hizi zetu hajui. Akaweka kidole gumba. Darmi akatia saini kama shahidi, kwa mwandiko mzuri kuliko wa cheti chake cha kazi. Nikapiga picha na kutuma.

"Sasa ataandikwa?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

Mei 4

Hawezi kurudi, mashua sasa inabeba wagonjwa na chakula tu. Analala kitandani kwangu, mimi nalala chumbani kwa Darmi.

Mei 6

Jibu la Daktari. Nalinakili, maana limeandikwa vizuri:

"Fomu imetiwa saini Mei 3. Mahojiano, kwa maelezo yako mwenyewe, yalifanyika Machi 23. Idhini hutangulia mahojiano. Kwa hiyo ulimhoji mjane aliyefiwa na mtoto bila idhini yake. Nikilipeleka hili kwenye kamati ya maadili, tasnifu yote itasimamishwa. Sitalipeleka. Ondoa tanbihi ya 47."

Nikamwandikia kwamba Bi Mwanasiti yuko nyumbani kwangu, naweza kumhoji upya leo kwa idhini.

Akajibu baada ya dakika nne: "Kibali chako cha utafiti kiliisha Aprili 30. Kisome. Na hata kingekuwa hai, unaponukuu maandishi yaliyochapishwa unayanukuu yalivyo, herufi kwa herufi. Ukitaka kunipinga, pata shahada kwanza."

Nilimtafuta yule mtu aliyeniliza miaka sita iliyopita, kwenye kila sentensi. Nadhani alikuwa huyu huyu.

Mei 7

Darmi anasema nimshtaki Daktari. Kwa nani? Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maadili.

Mei 9

Bi Mwanasiti hawezi kukaa bure. Amefagia uwanja, ametupikia samaki wa kupaka kwa nazi aliyoipata sijui wapi, amemfundisha Darmi kukuna. Anapoosha vyombo anaimba. Wimbo unapenya ukutani, unanifikia mezani. Nuriya, panda darini.

Nimemwomba asiimbe nikifanya kazi.

Akasema, "Samahani, mwanangu." Hajaimba tena.

Mei 12

Siwezi kuvumilia kikohozi chake, wala jinsi anavyofungua mlango polepole asinisumbue, wala anavyowaambia wanawake wa bombani kwamba mwalimu anamwandika mwanawe. Amekuwa mgeni mwema kupita kiasi. Angekuwa mkorofi ingenisaidia.

Mei 14

Nimeondoa tanbihi ya 47. Ile ya 48 imekuwa 47 yenyewe. Kompyuta haikuuliza swali.

Mei 15

Nimerudisha Wimbo wa Nuru jinsi ulivyochapishwa. Nukuu ya mistari minne inaingizwa ndani sentimita moja na nusu, bila alama za kunukuu, chanzo kwenye mabano. Ubeid, ukurasa wa 212. Mwimbaji hajulikani.

Mei 18

Nimeandika upya uchambuzi wa parapanda. Sasa una kurasa kumi na nne. Nimeongeza hoja kuhusu dari kama mpaka wa mbingu na ardhi, ambayo Daktari mwenyewe hakuiona. Ni kurasa nzuri. Ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na nilipokuwa nikiziandika nilifurahi.

Mei 19

Daktari: "Hatimaye."

Mei 22

Darmi ameona. Alikuwa anakagua namba za kurasa kama kawaida, akafika kwenye wimbo, akarudi nyuma, akaenda mbele.

"Jina ya mtoto iko wapi?"

Nikamweleza kuhusu tarehe, kibali, kamati. Nilieleza vizuri. Nimefundisha miaka kumi na moja, najua kueleza.

"Mimi niliweka saini hapo," akasema. "Jina yangu. Niliona yeye akiweka kidole."

Nikamwambia anyamaze, Bi Mwanasiti yuko uani.

"Wewe utamwambia lini?"

"Maji yakipungua."

"Uongo," akasema, wala hakuwa na hasira. Akafunga kompyuta yangu kwa utaratibu kama mtu anayefunika sufuria. Kuanzia leo nalala sebuleni, kwenye mkeka.

Mei 23

Jua. Barabara inaanza kuonekana.

Mei 26

Athmani atakuja kesho kumchukua. Nimeshatuma tasnifu, siku tano kabla ya wakati.

Mei 27

Naandika polepole.

Athmani alifika saa nne asubuhi, matope hadi kiunoni. Alipokuwa akifunga mzigo nje, Bi Mwanasiti aliniita sebuleni. Alikuwa amevaa buibui safi, amekaa wima.

"Nionyeshe alipo," akasema.

Nilikuwa na nakala moja iliyochapwa. Ningeweza kusema imekwishapelekwa chuoni. Ningeweza kumwambia. Darmi alikuwa mlangoni pa jikoni, amesimama, ananitazama. Nafasi ilikuwa wazi na kubwa, hata mtoto angeipita. Nikafungua ukurasa wa 88.

"Nisomee."

Nikasoma. Macho yangu yalikuwa kwenye Nuru ya maji imekuja, na kinywa changu kikasema Nuriya, maji yamekuya. Macho yakaona Nuru yanipa mkono, kinywa kikasema Nuriya, nipa mkono. Si kazi ngumu. Tofauti ni pumzi tu. Nilipofika chini, palipoandikwa Mwimbaji hajulikani, nikasoma: "Wimbo huu umetungwa na Mwanasiti wa Kipini, kwa ajili ya binti yake."

Akanyoosha kidole, kile kile cha fomu.

"Niwekee kwenye jina."

Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi. Nikauongoza hadi kwenye mstari wa kwanza, nikaweka kidole chake juu ya Nuru ya.

"Hapa?"

"Hapo."

"Mbona kuna nafasi katikati?"

Nikamwambia herufi zetu wakati mwingine huandikwa hivyo.

Akaushika ule ukurasa kwa kidole, hakukiondoa, akaanza kulia bila sauti, akitabasamu. Akaniombea. Aliniombea mimi, mama yangu na mashamba ya ndugu zangu. Halafu akaomba apewe karatasi ile. Sikupata sababu ya kukataa ambayo isingesema kila kitu, kwa hiyo nikaichomoa, nikampa. Aliifunga ndani ya mifuko yake mitatu pamoja na kitambulisho.

Walipoondoka Darmi alipita karibu yangu akaenda chumbani. Nilisikia anavuta sanduku.

Mei 28

Darmi amehamia kwa binamu yake, upande wa Minjila. Ameacha sehemu yake ya kodi mezani, bila barua.

Juni 4

Shule imefunguliwa. Nimewakata watoto alama za pambizo, kisha nimezirudisha, kisha nimezikata tena.

Juni 19

Utetezi umefanyika kwa njia ya video, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Mtahini wa nje amesema ni mara chache kuona tasnifu yenye marejeleo safi namna hii, na kwamba sehemu ya parapanda inastahili kuchapishwa. Daktari Ubeid ametabasamu. Amependekeza tuandike makala pamoja, jina lake likitangulia kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyo. Nimefaulu. Walimu wamenipigia makofi, mwalimu mkuu ametoa soda. Darmi alikuwa na kipindi.

Nimepanga usiku huu huu kwenda Kipini Jumamosi. Nimwambie Bi Mwanasiti mwenyewe, uso kwa uso, akinitukana anitukane.

Juni 21

Athmani amenipigia wakati wa chakula cha mchana. Nilitoka nje ya ofisi ya walimu.

"Mwalimu, mimi nimesoma hadi kidato cha nne," akasema.

Nikasogea mbali na mlango.

"Shangazi aliwaalika wanawake wa mtaa. Akapika. Akanipa ile karatasi niisome mbele yao. Nikaitazama."

"Athmani."

"Nikasoma Nuriya. Mistari yote minne. Nikasoma na jina lake hapo chini, kama alivyosema ulisoma wewe. Wakalia wote. Sasa kila akipata mgeni naitwa nikasome. Jana mara mbili."

Nilimwambia nakuja kesho, Jumamosi. Nilimwambia nitamweleza ukweli, na kwamba yeye hatalazimika kusoma tena.

"Usije."

"Ana haki ya kujua."

"Alikuwa na haki hiyo akiwa kwako wiki tatu na ushei, anakufagilia uwanja," akasema. Hakupandisha sauti. "Sasa analala. Miaka yote hii shangazi yangu alikuwa halali. Ukija, utakuwa umekuja kujitua mzigo wako, na yeye ndiye atakayejitwika. Mimi nitaendelea kusoma. Atakapokufa nitaichoma hiyo karatasi."

Akakata simu.

Juni 22

Jumamosi. Nimebaki Garsen.